Bei ya Mgeni

Ndugu msomaji, hebu tuulizane bila kuoneana haya. Mwenye duka akikutajia bei kubwa kwa kuwa wewe ni mgeni, amekudhulumu? Na wewe ukimkaba mpaka auze kwa kuchoka, umemfanya nini?

Nauliza kwa sababu yamenikuta. Nilitoka Dar es Salaam na washkaji watatu, tukapanda boti kwenda Unguja. Utalii wetu ulikuwa wa siku mbili tu, ndani ya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Kwenye tiketi ya boti tayari kuna bei mbili: raia ana yake, mgeni wa nje ana yake. Zinajulikana, na sisi raia wala hatukulalamika.

Kule kwenye vichochoro vya maduka bei haikuandikwa popote. Mzee mmoja alikuwa akiuza kofia za viua, zile zinazoshonwa kwa mkono, tundu moja moja, kazi inayokula wiki na wiki. Akataja 80,000. Nikacheka. "Mzee wangu, mbona unaniuzia kama Mzungu? Mimi wa hapahapa!" Nikataja 30,000. Akasema, "Mwanangu, huu ni mkono wa mtu, si mashine." Nikajifanya naondoka. Si unaujua ule mchezo? Hatua tatu, nne, huku unasubiri kuitwa. Akaniita. "Haya, lete 45,000. Tangu asubuhi sijauza." Nikatoka pale najiona mjanja kweli.

Usiku tukashuka Forodhani. Jina lenyewe limetokana na forodha, pale bidhaa za baharini zilipolipiwa ushuru. Siku hizi ni bustani, na jioni watu wanachoma mishkaki na pweza, wanakamua miwa kwa ndimu na tangawizi. Basi bwana, nilikula! Pweza, kamba, urojo, juisi, na wenzangu nikawalipia. Hesabu ikaipita ile pesa ya kofia, na sikuomba nipunguziwe hata shilingi. Kwa nini? Kwa sababu washkaji walikuwa wananitazama. Kichochoroni nilijifanya mwenyeji, mezani nikajifanya tajiri. Usiku huo usingizi ulinipaa.

Najua utanijibu: "Kupatana bei ni desturi ya soko, na mzee aliridhika mwenyewe." Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nenda Darajani, kwenye jengo la soko la mwaka 1904, uone wenyeji wanavyovutana na wauza samaki. Lakini wale kesho watarudi. Leo mnunuzi kapunguziwa, kesho ataongeza, keshokutwa atakopeshwa. Bei ya majirani haiishi kwa siku moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii siku ya tatu yuko kwenye boti. Hana kesho ya kulipia leo yake.

Mzee naye si malaika. Huenda ile 80,000 ilikuwa ya kunipima tu, na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone haijampa mtu ruhusa ya kumkamua mgeni. Lakini mimi ningeikataa bei yake nikaenda zangu, na usiku bado ningekula pweza. Yeye kuikataa yangu pengine ilikuwa ni kurudi nyumbani mikono mitupu. Kuridhika kwa mtu ambaye hajauza tangu asubuhi ni kuridhika kwa namna gani?

Sisemi tusipatane. Nasema tuulize kwanza nani kashona na kwa siku ngapi, ndipo tutaje bei. Na tutaje ile ambayo mwakani tutaweza kupita mbele ya duka lile bila kugeuza uso.

Kofia ninayo. Mwanzoni, walioniuliza bei niliwaambia 45,000 kwa majigambo. Siku hizi nasema 80,000. Sasa niambie, msomaji, kati ya mzee yule na mimi, nani mwongo zaidi?