Wavu wa Mapovu

Somo: Mhubiri 4:9-12



Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Septemba, watu wa Watamu huona nyangumi wenye nundu wakipita. Kwetu wanakuja kuzaa, si kula. Chakula chao kiko mbali, kwenye bahari ya baridi ya kusini. Lakini mahali nyangumi wa aina hii wanajulikana sana kwa namna wanavyokula ni Alaska, kule Marekani.

Huko kuna samaki wadogo wanaoitwa heringi. Wana mbio, na huogelea kwa makundi. Nyangumi ana mita 15 hivi na uzito wa tani 30, lakini heringi wakifukuzwa na mmoja ni rahisi kutawanyika. Sasa wanafanyaje? Wanajipanga. Mmoja anazunguka chini akipuliza mapovu, na mapovu yanapanda kama ukuta wa duara. Samaki wanaogopa kuuvuka. Mwingine anapiga mlio mkali. Wengine wanawasukuma samaki kutoka chini. Halafu wote wanapanda pamoja, midomo wazi.

Mpendwa, mimi nina digrii ya biashara. Miaka 3 iliyopita nilifuga kuku wa nyama 300 kwa mkopo wa simu. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Wiki ya sita kuku wako tayari, mnunuzi hakuna, na kila siku wanakula pesa. Niliuza kwa hasara, nikabaki na deni. Jumapili hiyo nikasimama madhabahuni nikitabasamu.

Na safu ya pili alikuwa ameketi dada mwenye hoteli, anayenunua kuku kila siku! Nyuma yake, ndugu anayeuza chakula cha mifugo. Tulikuwa tunasalimiana tu na kwenda nyumbani. Sikukosa maombi. Nilikosa kufungua mdomo, kwa sababu ya kiburi. Mhubiri anamhurumia anayeanguka bila mwenzake. Mimi wenzangu walikuwepo, nikawaficha.

Wiki hii kwenye ushirika wa nyumbani, usiseme tu "niombeeni". Sema unafanya kazi gani, umekwama wapi, na unaweza kumsaidia mwenzako na nini. Na wewe utakayesikia, siri ya ndugu yako isitoke hapo.

Mwenye mapovu apulize. Mwenye sauti aitoe. Tule pamoja.

Amina.