Wazo la leo: Aliyeshika kipaza sauti

Mwimbaji wa kuziba pengo hushindana na mtu asiyeweza kukosea tena. Msondo Ngoma, bendi ya dansi ya Tanzania iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, ilimzika mwimbaji wake TX Moshi William mwaka 2006 na ikarudi jukwaani. AC/DC, bendi ya roki, ilimpoteza mwimbaji wake Bon Scott 1980, na mwaka huohuo Brian Johnson akashika nafasi yake. Shabiki wa Butula, magharibi mwa Kenya, aliyelipa kiingilio ili asikie sauti ya kwenye kaseti hununa ubeti wa kwanza. Chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, likianza, utamkuta katikati ya ukumbi akitoka jasho. Mwimbaji mgeni akiiga, anadharauliwa; asipoiga, ameharibu wimbo. Namwonea huruma, ila kichwani mwangu bado anaimba yule wa zamani.