Kamba Ina Ncha Mbili

"Maisha ni yangu." Hii sentensi tunaipenda sana. Unaacha chuo: maisha ni yangu. Unapanda boda bila helmeti: maisha ni yangu. Jumamosi unaenda kukwea miamba ya Nzaui, Makueni, na susu akiuliza kuna nini huko juu, jibu ni lile lile.

Sasa hebu lipime hilo jibu pale mwambani. Tulienda wanne, lakini kamba moja ni ya watu wawili. Mmoja anapanda. Mwingine yuko chini, kamba imepita kwenye kifaa cha breki kiunoni mwake, na mkono wake mmoja hauachilii kamba hata sekunde. Mnakaguana mafundo, kisha wa kupanda anauliza, "Umenishika?" Haondoki chini hadi asikie, "Nimekushika."

Hapo sentensi yetu inaanza kuyumba. Nikianguka vibaya, mifupa ni yangu, sawa. Lakini beshte yangu ndiye atabaki na ile sauti kichwani, na atajiuliza kuhusu mkono wake hadi uzeeni.

Utasema, si basi upande bila kamba, usimsumbue mtu? Tarehe 3 Juni 2017, Alex Honnold alipanda El Capitan kule California, ukuta wa karibu mita 900, bila kamba yoyote. Marafiki zake walikuwa wanamrekodi. Mmoja wao alishindwa kutazama, akageuza uso kando ya kamera yake. Kamba haikuwepo, na bado kuna mtu alikuwa ameishika.

So tukae nyumbani? Hapana. Woga wa watu ungekuwa sheria, hakuna mtu angeenda popote. Kule Kitui wazee husimulia kwamba ukizunguka mwamba wa Nzambani mara saba, unageuka: mwanamume anakuwa mwanamke, mwanamke mwanamume. Watu wameisikia hiyo hadithi na bado wanapanda zile ngazi za chuma hadi kileleni. Anayekupenda akiogopa, hiyo haimpi haki ya kukukataza.

Inampa haki ya kuambiwa. Mwaitu aliuza ng'ombe ndio niingie chuo. Nilipoamua kutoka, nilimwambia kabla sijafunga mizigo. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na utakula nini?" Hakunizuia, na sikuomba ruhusa. Lakini lile swali lilikuwa lake kuuliza, na ilibidi nilijibu kwa hesabu, si kwa "maisha ni yangu".

Nadhani deni letu kwa wanaotupenda liko hapo. Uamuzi ni wako. Ila kuna mtu chini amesimama na uzito wako, awe amekubali au hajakubali, na anastahili kujua unaondoka saa ngapi na unaelekea wapi. Ukishindwa kumwangalia machoni na kumwambia, pengine huo mwamba bado hujawa tayari kuupanda.