Tanuri Lililofunguliwa Mapema

Katika karakana moja karibu na Lunga Lunga Road, Industrial Area, kijana fundi alipata oda ya glasi za harusi, kila moja iandikwe majina ya maharusi kwa buluu. Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia sharti moja: tanuri likishazimwa, mlango usiguswe hadi kesho yake.

Rangi ya kazi hii si ile ya kopo. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga laini, kikatiwa oksidi ya kobalti ili kiwe buluu, kisha kikachanganywa na mafuta kishike brashi. Glasi ikishapakwa hupashwa moto hadi karibu nyuzi 580. Hapo unga huyeyuka na kushikamana na glasi, ilhali glasi yenyewe haijalegea. Moto ukizidi, mdomo wa glasi hupinda. Ukipungua, maandishi hutoka kwa ukucha. Mafundi wa Kairo na Damascus waliiweza kazi hii katika karne ya 13 na ya 14, wakazipamba taa za misikiti kwa aya na maua, bila kipimajoto chochote. Na ni moto huohuo uliofanya maandishi ya chupa za soda yastahimili kuoshwa kiwandani mara kwa mara.

Kijana aliupatia moto. Kilichomshinda ni kungoja. Harusi ilikuwa kesho, na tanuri lilisoma 540 alipoufungua mlango ili glasi zipoe upesi. Zilitoka ziking'aa, hata moja haina ufa.

Ukumbini, wahudumu walipomimina juisi ya barafu, glasi zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Shangazi wa bibi harusi akakatwa kidole.

"Mzee, zilikuwa nzima nilipozifunga," kijana alisema Jumatatu.

"Lete laptopu, na ile miwani yangu ya jua, ile ya polarized."

Mzee aliiwasha skrini ikawa nyeupe tupu, akaizungusha miwani mbele ya jicho mpaka skrini ikaonekana nyeusi, kisha akaweka katikati mojawapo ya glasi zilizosalia. Kwenye kitako, penye kioo kinene, pakatokea mabaka ya mwanga. Kioo kikipoa ghafla, nje huganda kwanza huku ndani kungali moto; ndani kukitaka kunywea, nje hakukubali tena. Mvutano huo hubaki humo, na macho matupu hayauoni. Kwangu mimi, hapa ndipo ufundi ulipo kuliko kwenye brashi, kwa sababu rangi mbaya huonekana kabla glasi haijafika kwa mteja.

Pesa za oda zilirudishwa zote. Familia iliomba glasi zilizosalia ziwe za ukumbusho, basi zikarudishwa tanurini, zikapashwa hadi 540, zikakaa hapo, kisha moto ukateremshwa polepole usiku kucha. Kijana alizipitisha moja moja mbele ya skrini kabla ya kuzifunga, na iliyoonyesha baka hata dogo aliirudisha tanurini.