Ukumbusho Usiochuja Kitu



Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Baada ya kifo chake, Polygram ya Kenya ilikusanya nyimbo zake ikatoa santuri mfululizo zinazoitwa Ukumbusho. Hapa Kilosa, mzee akisikia gitaa lile tu, stori za ujana zinaanza.

Mkusanyiko wa vibao una kanuni yake: kilichotamba kinaingia, kilichobuma kinaachwa. Kwa muziki ni sawa kabisa. Shida ni pale tunapomwendea Mungu hivyo hivyo. Kijana mmoja wa Mikumi aliniambia hajapokea Komunyo mwaka wa pili sasa. "Frateri, nikishakaa sawa nitaenda kuungama."

Ndugu yangu, Mt. Augustino hakuchuja hivyo. Kwenye Maungamo yake aliweka hata wizi wa mapeasi alioufanya akiwa na miaka 16.

Na Yesu je? Naye ametuachia ukumbusho, Ekaristi. Hakuuweka siku ile aliposhangiliwa na matawi Yerusalemu. Aliuweka usiku wa kusalitiwa, mezani pamoja na Petro ambaye angemkana kabla ya jogoo kuwika.

Basi wiki hii mtafute padre. Anza na ule wimbo usiotaka usikike. Kukaa sawa kunaanzia hapo.

Tuombeane.