Kishimo cha Shavuni

Lugha yetu haioni haya kuliita jambo zuri kwa jina la upungufu. Mtu akicheka na shavu lake likabonyea kidogo, twasema ana kishimo. Na meno yake ya mbele yakiachana, twasema ana mwanya. Shimo ni mahali palipokosa udongo, na mwanya ni mahali palipokosa kitu cha kupajaza. Hata hivyo, mwenye kishimo na mwanya ndiye asifiwaye arusini. Vijana wa leo wameazima neno la Waingereza na kuligeuza dimpozi, nami siwagombezi. Ila naona neno letu lina mafunzo zaidi, kwa sababu latwambia kitu kilivyo.

Tazama, msomaji, kazi ya silabi moja. Shimo huvunja gurudumu la lori na kumeza mbuzi usiku. Tia ki- mbele yake, na hofu yote imekwisha: mtoto akiwa na kishimo, watu hushindana kumchekesha ili wakione. Wala si usoni tu. Ubao wa bao una vishimo 32, na pasipo hivyo pangekuwa na kipande cha mbao tu, wala hapana mchezo. Wachezaji wa gofu zamani walitumia mipira laini, wakatambua kwamba ule uliokwaruzwa kwa kupigwa ulikwenda mbali kuliko mpya. Mwaka 1905 Mwingereza William Taylor akasajili uvumbuzi wake wa mpira wenye vishimo, na mipira ya leo aghalabu huwa na vishimo kati ya 300 na 500. Vishimo hivyo huufanya upepo uambatane na mpira kitambo kirefu zaidi kabla ya kuachana nao, basi nguvu inayouvuta nyuma hupungua.

Na cha shavuni je? Watu wengi wana msuli mmoja mzima unaovuta pembe ya mdomo wanapocheka. Wataalamu wa mwili wasema kwamba wenye vishimo aghalabu msuli huo kwao umegawanyika, na sehemu yake moja imeshikamana na ngozi. Wakicheka, ngozi huvutwa ndani. Ukitaka kuwa mkali, waweza kusema ni kasoro ndogo ya msuli. Watoto wengine huzaliwa nacho, kisha kikapotea shavu linapopungua mafuta.

Basi lazuka swali: je, ni haki kumsifu mtu kwa jambo ambalo hakulitenda? Huyu hakukilima kishimo chake wala hakukisomea. Wako wenye msimamo mkali wasemao kwamba sifa ni ujira, na ujira hupewa aliyefanya kazi. Mimi sikubaliani nao. Tunausifu mwezi, nao haukujitengeneza. Sifa nyingine ni shukrani tu ya macho, na dunia ambayo watu wangezuiwa kuitoa ingekuwa kavu mno. Tena kishimo kina adabu yake: hakijitokezi mpaka mwenyewe acheke, kwa hiyo anayekisifu yamkini anasifu furaha.

Walakini sifa yaweza kugeuka amri. Hapana shaka umemwona mwenzako darasani akijibonyeza shavuni kwa ncha ya nyuma ya kalamu, akitumaini pataacha alama. Usimcheke, wakubwa wamefanya makubwa kuliko hayo. Mwaka 1896 Martin Goetze wa Berlin alipewa hataza ya Marekani kwa chombo cha kutengenezea vishimo usoni, na mwaka 1936 magazeti ya Marekani yalieleza kifaa cha waya uliopindwa, chenye vifundo viwili vya kuyakandamiza mashavu. Siku hizi wapo madaktari wa upasuaji wanaoshona shavu kwa ndani. Mtu anapokubali uchungu ili apate upungufu alionyimwa, ndipo twajua kwamba ulimi wa watu umekwisha kuwa mzito.

Sasa nakuomba ufikiri juu ya kishimo cha namna nyingine. Ugonjwa wa ndui, ule mkali, uliwaua watu wapatao 3 katika kila 10 walioupata, na wengi wa waliopona walibaki na uso uliojaa vishimo vidogo. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekomeshwa. Lakini wazee wenye alama hizo bado wako, nao katika ujana wao waliitwa majina ambayo sitayaandika hapa. Leo majina hayo yamehamia kwa vijana walioachiwa alama na chunusi au tetekuwanga.

Linganisha nyuso hizo mbili. Ngozi imeingia ndani huku, na imeingia ndani kule. Mmoja hakuchagua, na wa pili hakuchagua. Ikiwa kuna wa kustahili heshima, naona afadhali yule aliyepambana na mauti akatoka hai. Nasi tumempa wa kwanza neno la mapenzi, na wa pili tumempa neno la kumfanya afunike uso. Mtu akiniambia kwamba uzuri ni bahati wala si sifa ya mtu, namwitikia. Lakini na aimalize hesabu yake, akiri kwamba kovu nalo si aibu ya mtu.

Mwalimu wako akikupa insha ya kumweleza mtu umjuaye, najua utakavyoanza: macho ya kurembua, meno meupe, vishimo mashavuni. Insha hizo zimekwisha kuandikwa mara nyingi. Mchague safari hii mzee wa mtaani kwenu mwenye alama za ndui, au mwenzako wa dawati la nyuma mwenye alama za chunusi. Ufikapo penye mashavu, jaribu kutumia neno lilelile, vishimo, kwa sauti ileile uliyozoea kumsifia yule mwingine, ukaone kama mkono wako utakubali kuliandika.