Subira ya Mwenye Jongo

Yako maradhi ambayo watu huyacheka kabla ya kuyahurumia, na jongo ni miongoni mwao. Mtu hulala usiku hana lolote, na kabla ya alfajiri huamka kidole gumba cha mguu kimevimba, kimewiva, chawaka moto, hata uzito wa shuka hauvumiliki. Asubuhi akichechemea mpaka barazani, mmoja humwambia kuwa amezidisha nyama ya harusi. Wa pili hunyamaza, na katika kunyamaza kwake mna tuhuma ya tembo. Wa tatu, naye ndiye mwenye nia njema kuliko wote, humwambia, "Subiri, ami, maumivu hufuta madhambi," na kwa neno hilo humzuia asende kwa tabibu.

Huyu wa tatu ndiye astahikiye kujibiwa kwanza, kwani nusu ya neno lake ni kweli. Imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Muislamu hafikwi na taabu wala huzuni, hata mwiba umchomao, illa Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Walakini hajasikiwa mtu aliyeuacha mwiba mguuni ili afutiwe zaidi. Mwiba hung'olewa, na thawabu ya uchungu uliokwisha kupita haipotei kwa kung'olewa kwake. Jongo nalo ni mwiba ulio ndani ya kiungo, kama itakavyobainishwa hapa chini, na hukumu yake ni hiyo hiyo.

Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama yafaa watumie dawa, akawaamrisha watumie, na akawapa khabari kuwa hakuna maradhi yaliyowekwa ila yamewekewa dawa, isipokuwa uzee. Tena imepokewa kuwa yeye mwenyewe alipigwa chuku juu ya unyayo kwa ajili ya maumivu, naye yumo katika ihramu. Basi ikiwa mbora wa wenye kusubiri alitibu mguu wake safarini na katika ibada, ni nani atakayedai kuwa kuuacha mguu bila ya dawa ni daraja ya juu zaidi?

Husemwa: mbona yule mwanamke mwenye kifafa alipewa hiari baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akachagua kusubiri? Hoja hii ni nzuri, wala haifai kupitiwa mbio. Lakini itazamwe vizuri. Mwanamke yule hakuwekewa dawa mbele yake akaikataa. Aliyopewa hiari nayo ni dua, na ahadi aliyopewa ilitoka kwa mwenye kujua ghaibu. Mwenye jongo wa leo hana ahadi ya namna ile mkononi. Tena mwanamke yule, juu ya kuchagua kwake, aliomba asifunuke nguo anapoanguka. Yaani alitaka kuondolewa lile lililomvunjia heshima yake. Na mwenye kulala kitandani siku kumi, mkewe akimbebea maji ya udhu, duka limefungwa na watoto wakopeshwa unga, huyo hasubiri peke yake: amewasubirisha na wengine ambao hawakuulizwa.

Wala kulia kwa uchungu si upungufu wa subira. Nabii Ayubu alimlalamikia Mola wake kuwa dhara imempata, na bado Qurani imemwita mwenye kusubiri. Kiungo chenye jongo ni katika maumivu makali mno ayajuayo mwanadamu. Mwenye kuguna akashitaki kwa Mola wake na kwa tabibu hajavunja kitu.

Ama huyo mwiba wenyewe, ni hivi. Mwili hutoa taka iitwayo asidi ya yuriki, na sehemu kubwa yake hutolewa na mafigo katika mkojo. Ikizidi katika damu, yapata kupita miligramu 6.8 katika kila desilita, huanza kuganda ikawa chembe nyembamba mfano wa sindano, nazo hukaa katika viungo, khasa vya mguuni ambako kuna baridi zaidi. Sindano hizo huweza kukaa kimya miaka mingi. Siku askari wa mwili wanapoziona huzishambulia, na vita hivyo ndivyo uvimbe na moto.

Na hapa wa kwanza na wa pili wa barazani hupata jawabu yao. Ni kweli kuwa maini, mafigo ya mnyama, nyama nyingi, dagaa, vinywaji vya sukari na khasa pombe huyachochea maradhi haya. Lakini aghlabu asili yake ni mafigo yasiyoitoa taka hiyo sawasawa, na jambo hilo mtu hurithi kwa wazazi wake. Hata baadhi ya dawa za presha, zile za kukojoza, huizidisha. Wako watu wasiopata kuonja ulevi maishani mwao nao jongo limewalaza. Qurani imekataza dhana nyingi, na kumdhania mlevi mtu ambaye kosa lake ni kuvimba kidole ni dhambi iliyo rahisi mno kuchumwa barazani. Mara nyingi dhana hiyo ndiyo imfanyayo muwele afiche mguu wake mpaka usiku wa nne.

Na kuchelewa huko kuna hasara, maana dawa za mshituko wa jongo hufaa zaidi zikianzwa siku ya kwanza. Mguu huinuliwa na kupumzishwa, na barafu iliyofungwa katika kitambaa huwekwa juu yake kitambo. Dawa ni namna tatu: za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni, ambazo hazimfai mwenye ugonjwa wa mafigo au vidonda vya tumbo, za jamii ya prednisoloni, na kolikisini. Hii ya mwisho ina nasaba ya fakhari. Hutoka katika mmea wa suranjani, wenye ua linalofanana na zafarani, na matabibu wa Kiislamu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, waliujua na kuutumia kwa maumivu ya viungo. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga dawa yenyewe mwaka 1820. Ni sumu ikizidi, basi haichukuliwi kwa kubahatisha, na kipimo kidogo kimethibitika kufanya kazi sawa na kikubwa. Na kiungo kikiwaka pamoja na homa na kutetemeka, huenda ni usaha na si jongo: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu sala, Imran bin Husayn alikuwa na bawasiri, akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Mwenye jongo asiyeweza kukunja vidole katika kusujudu asijitese.

Mshituko hupoa wenyewe kwa wiki moja au mbili, na hapo ndipo watu hudhani subira imekwisha kazi yake. Kumbe ndipo inapoanza. Usiku wa maumivu hauhitaji subira kubwa, kwani mtu hana pa kukimbilia. Subira iliyo ngumu ni ya ile miezi ambayo mguu hauumi, na kidonge kinangoja kila siku. Mwenye kurudiwa na jongo mara mbili au zaidi kwa mwaka, au mwenye vinundu au mafigo mabovu, huandikiwa alopurinoli, iliyoanza kutumiwa katika miaka ya 1960, ili asidi ishuke chini ya miligramu 6, na zile sindano ziyeyuke polepole. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, pengine miaka. Na katika miezi ya mwanzo, kwa kule kuyeyuka, jongo huweza kurudi. Wengi hukitupa kidonge hapo wakisema dawa ndiyo iliyowadhuru. Kwa hiyo tabibu huanza na kipimo kidogo, akaongeza taratibu, na huipa kolikisini kidogo iende pamoja nayo. Kisimamishacho dawa mara moja ni vipele vya mwilini; mwenye kuviona huiacha na kwenda kwa tabibu bila ya kungoja.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni chache. Kidonge kimoja kwa siku ni kichache mno, wala hakuna atakayekuja kumtazama mtu kwa kukimeza. Damu hupimwa tena kila baada ya muda kama tabibu alivyoagiza, na Ramadhani ikiingia, kidonge hicho huhamia baada ya kufuturu, pamoja na maji mengi mpaka wakati wa daku.